Damu Kwenye Tarumbeta

Jumapili ya pili ya Machi, mvua ya Tukuyu ikipiga bati
kana kwamba nayo imeitwa mazoezini,
nilichomoa kinywa cha tarumbeta, nikakipangusa kwa leso,
leso ikarudi na waridi.
Dogo tu. Nikalikunja, nikalitia mfukoni,
nikaendelea na sauti ya kwanza.

Haikuwa mara ya kwanza. Mswaki ulikwisha kuniambia tangu Novemba,
nikabadilisha mswaki.
Muhindi wa kuchoma uliniambia,
nikaulaumu muhindi.
Mke wangu Tusajigwe aligeuza uso tukizungumza,
akasema ana mafua,
nami nikakubali kwamba ni mafua.
Miezi mitano ya mafua!

Maana meno hayakuniuma. Hilo ndilo lililonidanganya.
Jino lililotoboka hupiga hodi kwa teke;
fizi huliwa kimyakimya, kama nguzo na mchwa,
na nyumba inasimama, inasimama,
hadi siku mgeni anapoegemea.

Pasaka, alfajiri, makaburini,
ukungu umelalia misalaba,
mwalimu Lugano akainua mkono
nami nikapanda kuitafuta ile sauti ya juu ya ubeti wa mwisho.
Jino la mbele likasogea.
Likasogea, jamani, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi.
Sauti ikatoka imepinda.
Wafu hawakulalamika. Lugano alinitazama.

Hospitali ya wilaya, chumba cha mwisho, foleni ya saa tatu.
Tabibu Anyelwisye, mdogo kuliko kitinda mimba wangu,
akanipa kioo: "Tazama mwenyewe, baba."
Fizi nyekundu, zimetuna kama mdomo wa mtoto aliyenyimwa,
na shingoni mwa meno ugaga wa manjano
umeganda kama ukoko wa sufuria.
Akaingiza kijiti cha chuma chenye alama, akahesabu kwa sauti,
mwenzake akiandika:
tatu, tatu, tano, sita.
Sikujua kinywa changu kina vina,
tena visivyo vya shairi.

"Una chai?" akauliza. Nina, ekari moja, Katumba, mteremkoni.
"Mvua ikichukua udongo, mche huanguka siku hiyohiyo?"
Nikanyamaza, mdomo wazi, taa usoni.
Niliiona ile safu ya chini, mizizi nje,
majani yangali kijani, ikijifanya.
"Udongo uliokwenda sikurudishii," akasema.
"Uliobaki ndio tuushike."

Alhamisi nne alinikwangua.
Chuma juu ya mwamba mdogo, krr, krr, chini ya fizi kabisa,
changarawe za miaka thelathini zikidondoka kwenye bakuli.
Ganzi ilinirudisha nyumbani nikicheka upande mmoja.
Alinipima na sukari, akakuta haipo.
Akauliza tumbaku, nikasema kidogo;
nilichungulia kadi: aliandika *sana*.

Sasa kila usiku, kabla ya taa kuzimwa,
mswaki laini, taratibu, kuanzia mpakani mwa fizi,
si kama nasugua masizi.
Halafu uzi, kati ya jino na jino,
vidole vyangu vizito vya kuchuma chai vikijifunza ushoni.
Wiki ya kwanza damu ilitoka, nikamkimbilia.
"Piga mswaki palepale panapotoka damu," akasema,
akaita mgonjwa mwingine.

Jino bado linacheza kidogo, nikiligusa kwa ulimi,
nami naligusa mno.
Lugano kanihamishia sauti ya tatu,
huko chini wanakopumua wazee na wavivu.
Ile ya juu anaipuliza Ipyana, miaka kumi na sita,
meno kama punje za muhindi mbichi.
Nimemwambia kuhusu uzi. Alicheka.

Leso ni nyeupe tangu Juni.
Na jana Tusajigwe alinisogelea kuninong'oneza bei ya mbolea,
nikamwona akivuta pumzi kwanza, kwa hadhari,
kama mtu anayeonja uji wa moto,
kisha akasema, akitazama pembeni,
kwamba yale mafua yake yamepona.