Jumla Sifuri

Msimu wa ufuta, ghalani Nachingwea.
Nimejumlisha safu nzima;
kompyuta imejibu: 0.

Bi Somoe Nangope kasimama dirishani,
stakabadhi kaifundika kwenye pindo la khanga.
"Sifuri? Magunia manne nimeyashika kwa mikono hii!"

Nikachungulia kisanduku chake.
Mwenyewe niliandika juzi, kwa haraka:
*kilo 312 na kidogo*.
Kwa mashine hayo ni maneno,
na maneno hayajumlishwi.

Nikatunga fomula: ng'oa "kilo",
futa nafasi, kinachobaki kiwe namba.
Tarakimu zikahama kushoto,
zikaegemea ukuta wa kulia,
jumla ikapanda.

"Na kile kidogo?"

Fomula ilikimeza.
Tukaurudisha mzigo mzanini.
Nukta saba.
"Haya," akasema, "andika."