Lebo ya Kangaga Namba 412

Kuteleza si kuanguka, wahenga walisema,
lakini wahenga hawakupanda milima ya Chocó mwezi wa Novemba
na gunia la magazeti mgongoni.
Leovigildo aliteleza, kisha akaanguka,
vyote viwili, kwa mpangilio huo,
akaserereka na tope hadi chini ya korongo.
Tukasikia mfupa, au tawi.
Tukaomba liwe tawi.

Halikuwa tawi.

Nemesio alirudi mtoni kuita wabeba machela:
siku mbili, kwenda na kurudi, kama mvua itakubali,
na mvua ya huku haijawahi kukubali kitu.
Nikabaki naye chini ya turubai,
mimi wa Quibdó, lenzi shingoni,
yeye wa mto huu, kifundo kimevimba kama papai changa.
"Wewe si daktari?"
"Wa majani," nikasema.
"Basi nifunge majani."

Hatukulala. Vyura walipandishiana bei usiku kucha kama madalali.
Alfajiri nilimkuta amegeukia mwamba,
shavu kwenye ukoga, hasogei,
nikashtuka.
"Njoo uone," akasema. "Jani hili halina mgongo."

Nikalala kifudifudi kando yake.
Kweli, halikuwa na mgongo wala tumbo:
jembamba kuliko karatasi ya sigara,
unene wake chembe moja tu ya uhai,
nuru inapita humo bila kubisha hodi.
Akaweka kidole nyuma yake, nikakiona chote,
hadi ukucha, hadi tope lililojificha chini ya ukucha.
Na ukingoni mwa jani, vikombe,
vidogo kuliko kichwa cha sisimizi,
kila kimoja na unywele mmoja umechomoza
kama mtu kasahau kijiko ndani ya chai.

Nikafungua kitabu. Halimo.
Nikafungua kingine, kile kizito,
kile ambacho huenda ndicho kilichomwangusha.
Halimo.
Ndugu yake yumo, wa ng'ambo ya milima, mnene, mwenye vinyweleo.
Upande huu ukurasa ni mweupe.

"Mnaliitaje huku?" nikauliza,
kalamu tayari, nikingoja jina tamu la kale.
"Hatuliiti," akasema. "Hata tukiliita, haliji."

Nilihesabu: majani kumi na moja, mwamba mmoja.
Nikachukua matatu,
mkono ukitetemeka kama wa mwizi wa sadaka.
Spiriti yetu yote ilikuwa imemwagika korongoni.
Ilibaki chupa yake ya viche, gongo la miwa,
dawa yake pekee ya maumivu.
Akaitazama. Akanitazama.
"Nusu ya jani," akasema, "nusu ya mguu."

Nikalilaza kwenye gazeti la mwezi Machi,
ukurasa wa matangazo ya vifo.
Akasoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari:
Eudoxia Rentería, miaka tisini na miwili,
ameacha watoto, wajukuu, vitukuu, na shamba.
"Huyo atalilea," akasema, akanyamaza kidogo.

Kisha lebo.
Mahali: kijito kisichokuwepo kwenye ramani.
Kimo: mita mia nane na arobaini.
Aliyegundua: nikaandika jina langu, nikalikata, nikaandika lake,
yeye akacheka mpaka mguu ukamkumbusha.
Maelezo mengine.

"Andika mvua ilikuwa inanyesha."
"Leovigildo, huku mvua hunyesha kila siku.
Hakuna atakayeisoma."
"Huku, ndiyo. Lakini huko unakolipeleka,
kwenye kabati, kukavu, mlango umefungwa,
nani atalikumbusha?"

Nikaandika.
Tone moja likadondoka toka turubaini,
likaangukia neno lenyewe,
wino ukatambaa kidogo, bluu, kama mzizi.
Sikulifuta.

Chini kabisa bondeni mtu alipiga mbinja,
na Leovigildo, macho yamefumba, akamjibu.