Ukurasa wa Sitini na Moja

Alhamisi moja katika kila mbili
gari la vitabu lilipanda Vale de Urzes kwa gia ya kwanza,
likikohoa, likinuka petroli na gundi.
Bwana Belmiro alishuka, akapindua kreti ya bia chini ya mlango,
maana kipandio kilikuwa juu na miguu yetu mifupi.

Hakutuambia kwamba kusoma ni kuzuri.
Hilo padri alilisema, na mwalimu mwenye rula,
nasi tulikwisha kulimeza kama mafuta ya samaki.
Yeye alifungua kitabu katikati,
akasoma mistari mitatu kwa sauti ya mtu anayesengenya,
kisha akakifunga: "Aa, basi. Nyinyi bado wadogo."
Mikono kumi na miwili ikanyooka.

Baba alisema herufi hula macho.
Mama, asiyejua kusoma, alinisogezea taa
akaniuliza huku akimenya viazi:
"Yule mjane, keshamfungulia mwanawe?"
"Bado, Mama."
"Mh. Na mvua yote hiyo."

Kisha mbuzi.
Nilikiacha kitabu juu ya ukuta wa mawe,
nikiibania nusu ya mwisho kama mtu abaniaye nyama.
Niliporudi, Malhada alikuwa anautafuna
ukurasa wa sitini na moja, taratibu,
kama msomaji asiyetaka hadithi iishe.

Alhamisi nilisimama mwisho wa foleni,
sarafu mbili za mayai kiganjani.
Belmiro akapekua: hamsini na tisa, sitini, jalada.
Akavua miwani.
"Deolinda, ulikuwa umeusoma?"
"Nusu, bwana."
"Basi mnaojua ni wewe na mbuzi, naye hasemi."
Akanipa karatasi, kalamu, na kiti chake mwenyewe.

Niliandika hadi akawasha taa za gari.
Nusu niliikumbuka.
Nusu nyingine nilimfungulisha mjane mlango,
nikamweka kijana karibu na moto, nikampa supu.
Belmiro hakusahihisha kitu
ila neno moja, "msamaha", nililolidondosha herufi.
Akapaka gundi. Akapiga muhuri.

Kitabu kikazunguka kijiji.
Zeferino fundi viatu alinisimamisha njiani:
"Supu ya nini?"
"Ya kabichi."
Akaridhika, akaenda zake.

Sasa nina miaka sabini na mitatu,
orofa ya nne, Lizboni,
na vitabu vimepanda hadi juu ya friji.
Juzi, kwenye meza ya mitumba,
nilikikuta: nakala nzima, isiyowahi kuonja jino la mbuzi.
Nimekisoma usiku huu.
Mjane hafungui.
Ukurasa unaishia na mvua.

Labda mwandishi alijua zaidi.
Lakini Mama alikufa akijua mlango ulifunguliwa.

Saa sita kasoro robo.
Karatasi nimekwisha kuikata.
Natafuta gundi.