Vibandiko vya Mlangoni

Mwanaidi wa Pangani ndiye sheria ya ukumbi huu wa Mawaleh.
Amekaa mlangoni na karatasi ya vibandiko vyekundu,
vidogo, kama vile vya bei dukani.
"Simu, mama." Unatoa. Anaziba jicho la kamera,
mbele, nyuma, anakandamiza kwa kidole gumba. "Haya, pita."
Bi Shinuna alinung'unika: kwani tumekuwa wafungwa?
Kisha akapita, akavua abaya,
na dira lake likawa bizari iliyomwagika.

Mwezi uliopita nilimwona Bi Shinuna huyu huyu
kwenye tamasha la turathi, jukwaani.
Walipewa karatasi: dakika saba.
Safu nne. Kanga sare. Mikono isipite mabega.
Sakafuni utepe mweupe, kila mtu na alama yake.
Mtangazaji akasema kwa Kiarabu fasaha,
ngoma ya wenzetu waliorejea kutoka Afrika,
na wenzetu wakarejea: hatua mbili nyuma, mbili mbele,
wamenyooka kama watu wa picha ya pasipoti.
Nilipiga makofi. Sote tulipiga.
Hawakukosea hata mara moja.
Sikuona kitu.

Leo hakuna jicho la kesho humu ndani,
basi kiuno kimepata ruhusa yake.
Ghaniya, mwalimu wa hisabati,
yule asiyesamehe hata desimali,
amejifunga kanga, ameshuka chini kabisa;
ngoma inamwita, anaitikia kwa mgongo.
Zuwena anambandika riyali kwenye paji la uso.
Mtu amemtupia wifi yake fumbo,
la Kiswahili, ili wakwe wa Nizwa wasilifumbue;
nao wakwe wanacheka, kwa kuwa wengine wanacheka.

"Bwana harusi anaingia!"

Sauti moja tu kwenye spika, na
chwaa,
rangi mia tatu zikawa weusi mmoja.
Sijapata kuona jeshi likitii hivyo.
Kijana akapita na baba yake,
jambia la fedha kiunoni, macho kwenye zulia,
akiamini, masikini, kuwa hivi ndivyo tulivyo.
Dakika kumi na mbili. Akatoka.
Mlango haujarudi vizuri, bizari ikamwagika tena.

Binti yangu Raiya akaniuliza sikioni,
mama, ipi hasa ngoma yetu, ile au hii?
Nikamwambia nisubiri, wimbo huu naupenda.

Nilipotoka kuchukua hewa nilimkuta Mwanaidi.
Mkataba wake unasema akae mlangoni.
Haukusema lolote juu ya miguu,
na chini ya meza, ndani ya viatu vya kazi,
miguu ilikuwa inajua kila kitu.
Aliponiona ikatulia.
"Simu yako, mama? Bado imezibwa?"

Imezibwa.

Asubuhi nilipiga picha ya mikate ya ufuta mezani.
Ilitoka na ukungu. Gundi.
Nikaifuta kwa ncha ya kanga,
nusu tu.