Hodi ya Saa Tisa

Nyumba hii waliijenga watu wasioamini macho ya njiani.
Ukivuka daka, ukuta unakukabili;
sharti upinde kona ndipo uone ua,
na ukifika uani wenyeji wamekwisha kujitanda.
Mgeni alipimwa kwa sauti kabla ya sura:
hodi tatu, na kimya kikijibu, ageuke.

Waya wa intaneti haukufunzwa adabu hiyo.
Uliingia kwa tundu alilotoboa fundi Bwanaheri
juu ya mlango, kwa keekee ya kuazima,
ukapita msana wa chini, ukapita msana wa juu,
moja kwa moja hadi chumbani kwa mama.

Basi nikanunua swichi ya milango mitano,
kuukuu, Mombasa, kwa dada mmoja aliyekuwa akifunga ofisi.
Mlango wa tano nikauambia: nakili
kila kipitacho mlango wa kwanza. Usiguse. Usizuie.
Nikauunga na kompyuta isiyozidi pakiti ya sigara,
nikaiweka kwenye kidaka cha tatu
palipokuwa na sahani ya bibi, ile iliyouzwa.
Chini yake nikatandika kofia niliyoshindwa kuimaliza kudarizi.

Usiku wa kwanza: tahadhari elfu nne, mia sita na kumi.
Dunia nzima inabisha Langoni!
Wapo waliojaribu mlango wa ishirini na mbili
kwa nywila ya moja-mbili-tatu-nne,
kama mlevi anayetia ufunguo wake kila kufuli la mtaa.
Nyingi zilikuwa upuuzi: simu yangu ikiuliza saa,
printa ya dukani ikijitambulisha kwa kila kiumbe,
televisheni ya jirani, Mwanamkuu,
niliyempa nywila siku za Maulidi
na Maulidi kwake hayajesha.
Wiki mbili nikalegeza kanuni, nikakaza, nikafuta.
Mlinzi anayepiga ukelele kwa kila punda
hasikilizwi siku ya mwizi.

Pakabaki mstari mmoja.

Kila usiku, saa tisa na dakika chache,
kamera ya chumba cha mama hufungua mazungumzo
na anwani ya nje. Dakika arubaini. Kisha kimya.
Kikulacho, nikasema,
kidole tayari kwenye zuia.

Nikaifuatilia anwani. Doha.

Kamera aliileta Shekuwe begini, zawadi kutoka kwa Lali,
mwaka ule kabla ya mnunuzi kutaja bei ya nyumba
na Lali kusema tuuze
na mimi kusema maneno ambayo hapa siyaandiki.
Miaka miwili hajapiga simu.
Hata mama alipovunjika nyonga, hakuleta pole.
Saa zao na saa zetu ni moja.
Aliwahi kuniambia, zamani, kuhusu zamu ya usiku:
ikifika saa tisa hoteli yote imelala,
hata lifti husimama, unasikia viatu vyako tu.

Mama, ambaye husema amechanganyikiwa sisi tulio timamu,
akiamka alfajiri huitazama ile taa nyekundu ya ukutani:
"Lali, ndoo ule, mkate wa mofa u moto."
Nasi kila siku tulimsahihisha.

Nikaandika kanuni. Ilinichukua muda kuliko zote
ingawa ni mstari mmoja:
anwani hii, saa hii, pita.

Sikumwambia mtu. Yeye pia sikumpigia;
bado nina hasira, na nyumba bado haiuzwi.
Ila nilipanda kiti, nikafuta vumbi kwenye kioo cha kamera
kwa ncha ya leso,
na usiku, baada ya kumgeuza mama ubavu wa kulia,
nilisahau, kwa makusudi,
kuzima taa.