Neno la Siri

Ngazi yangu imeegemea kuta zote za Limbani,
mawe na chokaa ya zamani, matofali ya juzi,
nimetoboa, nimepitisha uzi
mwembamba kuliko unywele wa kitoto kichanga,
na ndani ya uzi mwanga, unakwenda na kurudi
mwenye nyumba hajamaliza kusema "karibu".

Wanadhani kazi yangu ni waya.
Kazi ni pale kisanduku kinapowaka kijani
nami, kalamu sikioni, nauliza:
"Neno la siri tutie lipi?"

Hapo nyumba hufunguka kuliko mlango wake.

Bi Tumu wa boflo alitia jina la ng'ombe
na tarehe aliyozaa. Ng'ombe, si yeye.
Ustadhi Mcha alitaka refu, lisilo na maana,
akalisahau, akanipigia siku tatu mfululizo.
Steshenari ya Kombo, mkabala na skuli, ikatia *hakunabure*;
wanafunzi wakalipata mara ya pili tu,
matokeo yao wakayasoma chini ya upenu, duka limefungwa,
wamebanana kama kuku wakimbiao mvua.

Na Mzee Shaame wa Jadida, fundi cherehani,
alisubiri mkewe aingie jikoni.
Akaninong'oneza jina. La mwanamke.
Mkewe ni Bi Riziki. Jina si Riziki.
"Herufi ya mwanzo kubwa," akasema,
"na mwaka: sabini na nne."
Nikaandika. Fundi haulizi,
fundi hutoboa pale alipoonyeshwa.

Bi Riziki akaja na chai, simu kaikunja kwenye kanga.
"Na mimi nitilie."
Nikamsomea herufi moja moja, na koo limenikauka;
akazibonyeza kwa kidole chenye unga.
Akatazama alichokiandika.
Cherehani ilinyamaza, ingawa hakuna aliyekuwa akishona.

Kisha, bila kugeuka:
"Umekosea mwaka, Shaame. Ilikuwa sabini na tano.
Mvua za mwaka ule ndizo zilizobomoa ukuta wa kwao."

Mzee akaokota pini sakafuni, moja, nyingine, nyingine.
Nikafuta. Nikaandika upya.
Taa ikawaka.

Mpaka leo nikipita Jadida simu yangu hushika yenyewe,
haiulizi.
Nami hujifanya naangalia saa.