Kelwen, kwa Herufi Laini

Hakuna aliyemwona akishuka.
Wasemao husema alikuja juu ya jiwe,
jiwe likielea kama ganda la yai,
akalala usiku mmoja kwenye miiba,
asubuhi akachimba kisima, akaenda zake.
Ni hayo tu. Roma haina karatasi yake.
Kanisa la juu limemchonga na ndevu,
la chini limemsuka nywele.

Lakini kisima kilitaka kuitwa,
na wachungaji walionyweshea hapo
waliulizwa sokoni: mnatoka wapi?
Kwa Kelwen, wakasema.
Basi. Jina likaota miguu.

Likapanda kilima, likawa Lokelwen.
Likateremka bondeni, parokia ikalimeza,
na ulimi wa Kibretoni, usiopenda K ikwaruze,
ukalilainisha: Plougelwen.
Mimi hupeleka barua huko kote,
mwaka wa ishirini na sita huu,
zamani kwa baiskeli, sasa kwa gari dogo la njano.
Kibao cha Kergelwen wawindaji wamekipiga risasi,
imebaki "Kerge",
na watu wanafika vivyo hivyo.

Bibi Azenor hajamsamehe karani
aliyemwambia baba yake, mwaka thelathini na moja:
"Hilo si jina, hilo ni shamba."
Kaka yake akaandikwa Marseli,
akaitwa Kelwen mezani, shuleni, jeshini,
na kaburini pia, maana mchonga mawe
hakuwa na haja ya kumuuliza karani.

Siku hizi limo kwenye chupa za mvinyo wa tufaha,
limo kwenye mlango wa daktari wa meno.
Silionei wivu. Jina likikaa ndani litaoza.

Jana nilifikisha mzigo wa nepi
nyumba ya mwisho, pale penye kibao kilichotoboka.
Rozenn, mgeni kutoka Nantes, macho mekundu kwa kukesha,
kichanga begani.
"Kelwen," akanitambulisha. "Tulipenda sauti yake tu.
Kwani lina maana?"

Nikafikiria jiwe. Nikafikiria karani.
"Ni kisima," nikasema. "Kipo nyuma ya banda lako,
chini ya upupu na matairi."

Akageuka kutazama, kalamu mkononi,
na kwa usingizi ule akatia sahihi
si jina lake, la mtoto,
herufi zikipanda na kushuka.

Kanuni inataka nimrudishie fomu.
Nimeiacha hivyo.